Tanuri Liandikwe kwa Jina la Nani

Kiwanda cha saruji kilipokuwa kikijengwa Tororo, mji wetu ulijaa wanaume wasio na wake wa kuwapikia. Walikuja waashi kutoka Kisumu, mafundi chuma kutoka Mombasa, vibarua kutoka Teso na Busoga, na kila mmoja alitaka chai na mkate kabla ya kuingia kazini. Mwoka mikate alikuwa mmoja tu, karibu na stesheni ya reli, na mikate yake ilikwisha jua likiwa bado chini. Waliochelewa walipita barazani kwangu kununua mandazi, wakayala huku wakinung'unika kwamba mandazi si mkate.

Nilikuwa mjane wa miaka thelathini na kidogo. Mume wangu, mchukuzi wa mizigo kati ya Tororo na Busia, alikuwa amefariki kwa homa na kuniachia mabinti wawili. Nyumba tuliyokaa ilikuwa yangu mwenyewe, kwa sababu baba yangu hakuwa na mtoto mwingine, naye alinikabidhi akiwa hai mbele ya mashahidi. Nyuma yake kulikuwa na uwanja mpana ambao sikuufanyia lolote ila kuanika nguo.

Kuni nilikuwa nikiletewa na mwanamke mmoja Msamia, mzaliwa wa Dabani, kijiji cha upande wa Busia, mke wa mfanyakazi wa reli. Tulikuwa rika moja. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, na mwanzoni hatukuwa na mengi ya kuzungumza zaidi ya kuni mbichi na kuni kavu. Siku moja alitua mzigo wake, akautazama ule uwanja muda mrefu, akasema, "Dada, hii nyumba yako iko na nafasi nyuma. Mbona hujengi tanuri?"

"Nani atanijengea?"

"Mimi."

Nikadhani ananitania. Kumbe alikuwa ameanza kazi katika jiko la misheni akiwa msichana mdogo, akaifanya mpaka alipoolewa, na aliyekuwa akiwaokea masista mikate ni yeye. Tanuri lao lilipopasuka, yeye ndiye aliyelijenga upya. Wiki iliyofuata alikuja na udongo wa kichuguu, akaukanyaga kwa miguu yake, nami nikanunua matofali, bati za mikate na magunia ya unga wa ngano. Mikate ya kwanza ilitoka imeungua chini na mibichi katikati, tukawagawia majirani. Ya tatu tuliiuza. Mwezi haujaisha, watu walikuwa wakipanga mstari mlangoni kwangu.

Hapo ndipo alipokuja askari wa mji. Alikuwa mteja wetu, kwa hiyo alisema kwa upole. "Mama, mandazi ya barazani tulikuwa tunanyamaza. Hii sasa ni biashara. Nendeni ofisini kwa mkuu wa wilaya mkachukue leseni."

Tulikwenda sote wawili, nimevaa buibui langu, naye amevaa gomesi aliyokuwa akiivaa kanisani. Karani alichovya kalamu, akauliza bila kuinua macho, "Mwenye biashara ni nani?"

"Sisi," tukajibu pamoja.

Akainua macho. "Sisi si jina. Nauliza tanuri ni la nani?"

Nikamtazama mwenzangu, naye akanitazama. Uwanja ni wangu, unga ni wangu. Lakini lile tanuri lilikuwa na alama za vidole vyake kila mahali, na bila yeye nisingejua hata donge linavyotakiwa kuumuka.

"Nendeni mkaamue," karani akasema. "Mje na jina la mtu mmoja, au mje na karatasi ya ubia, au mje na cheti cha kampuni. Na kama mnaye mwanamume wa kuandikisha, itakuwa rahisi zaidi." Baadaye nilikuja kujua kwamba hilo la mwanamume halikuwa katika sheria yoyote, lilikuwa la karani mwenyewe.

Mwanamume alipatikana haraka. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuwa na lori lililofanya kazi ya Busia, na watu walimheshimu. Alikuja jioni hiyo hiyo akiwa ameshasikia. "Shemeji," aliniambia, "usihangaike na makarani. Leseni iandikwe kwa jina langu. Nyinyi okeni. Mtu akija na maneno, atakutana na mimi."

Alisema kwa moyo mweupe, na mimi nilikuwa nimechoka. Nilikubali nusu nusu. Kesho yake nilipomweleza mwenzangu, alikuwa akikanda unga, na mikono yake ikasimama.

"Shemeji yako ni mtu mzuri," alisema. "Lakini yeye iko na wake wawili na watoto wengi. Sasa kama yeye nakufa, hii tanuri inakwenda kwa nani?"

"Kwa warithi wake."

"Na sisi?"

Nilijua vizuri jinsi mirathi inavyogawanywa kwetu. Kadhi angeuliza mali ya marehemu, na jina lililo kwenye leseni ndilo lingesema. Ilibidi nimrudie shemeji yangu na kumkatalia. Aliposikia, alivaa kofia yake polepole. "Basi mmenidhania mwizi," alisema, akaondoka. Ilipita miezi kabla hajakanyaga tena kwangu, na hilo liliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Tukajaribu ushirika. Bwana wa vyama vya ushirika alikuwa akizunguka wilayani akiwafundisha wakulima wa pamba, nasi tukaenda kumsikiliza chini ya banda la soko. Alisema ushirika unataka watu wasiopungua kumi, kila mmoja na kura yake, awe tajiri au maskini. Nilipenda sana maneno yale. Tukakusanya wanawake wa mtaa. Tulipata saba, wawili wakaacha walipojua kazi inaanza alfajiri, na watano waliobaki walibishana mchana kutwa nani awe mwenyekiti, ilhali ni mmoja tu kati yao aliyewahi kushika unga wa ngano. Mwenzangu alinivuta kando. "Dada, hawa nataka kikao. Hawataki tanuri." Tukawapa chai, wakaenda zao kwa amani.

Ndipo mhudumu mmoja wa stesheni alipotuambia kwamba Mbale kuna wakili wa Kihindi anayesikiliza hata watu wadogo. Tukapanda gari moshi tukiwa na vikapu viwili vya mikate, kwa sababu hatukujua mtu huingiaje kwa wakili mikono mitupu.

Wakili alikuwa mzee mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikula kipande cha mkate wetu pale pale, akapangusa makombo kwenye makaratasi yake, akasema, "Mama, iko njia tatu. Moja, mtu moja peke yake. Hiyo rahisi, lakini nyinyi wawili. Mbili, kampuni. Kampuni ni mtu ambaye sheria nafanya. Hana mwili. Wewe nakufa, yeye nabaki. Wewe naolewa, yeye hapana."

"Haolewi?" mwenzangu akauliza.

"Haolewi. Harithiwi na shemeji."

"Basi huyo ndiye tunataka."

Wakili akacheka. Akatueleza kwamba mtu huyo asiye na mwili anapenda karatasi: kila mwaka ripoti, mkutano, mkaguzi wa hesabu, barua kwa msajili. Kwa tanuri moja nyuma ya nyumba, alisema, tungefanya kazi ya kumlisha yeye badala ya watoto wetu. "Njia ya tatu ni ubia. Rahisi, karatasi kidogo. Lakini sikilizeni vizuri. Katika ubia, mmoja akikopa, wote mmekopa. Mmoja akikosea, wote mmekosea. Mtu anaweza kuja kwa nyumba yako kwa sababu ya kosa ya mwenzako. Na mmoja akifa, ubia unakufa na yeye, isipokuwa mmeandika namna ingine. Nendeni mfikiri. Msijibu leo."

Safari ya kurudi tulikaa tumetazamana. Nilikuwa nafikiria nyumba ya baba yangu. Nilimpenda mwanamke huyu, lakini nilikuwa nimemjua miaka miwili tu, na sikujua ndugu zake. Nadhani uso wangu ulisema yote.

"Kama wewe naogopa mimi, sema sasa," alisema.

Ningeweza kumdanganya. "Naogopa," nikamwambia. "Ukikopa unga kwa jina letu usinijulishe, nyumba ya watoto wangu iko hatarini."

Alitikisa kichwa kwa kukubali, bila hasira. "Mimi pia naogopa wewe. Uwanja ni yako. Siku moja unaamka vibaya, unaniambia toka. Tanuri siwezi kubeba kichwani mpaka Dabani."

Kwa kweli sikuwahi kulifikiria hilo. Nilikuwa nimejiona mimi ndiye mwenye cha kupoteza. Tangu hapo mpaka Tororo hatukunyamaza. Tulizitaja hofu zetu moja baada ya nyingine, hata zile za aibu. Mimi nilisema naogopa akipata mtoto mwingine atarudi shambani. Yeye alisema anaogopa nikiolewa tena mume mpya atataka kuwa bwana wa tanuri. Nikasema, na hili ndilo lililokuwa likinikereketa muda mrefu, kwamba hamira ya dukani ilipokosekana alikuwa amewahi kuumua mkate kwa povu la pombe ya ulezi, nami nikauza bila kujua, na Waislamu wenzangu wakala. Aliinamisha kichwa. "Kwa misheni tulifanya hivyo," alisema. "Sikujua ni kosa kubwa hivyo kwako. Tuandike pia."

Tulirudi Mbale tukiwa na orodha. Wakili aliisoma taratibu, na karani wake akaiandika kwa Kiingereza cha sheria, kisha kwa Kiswahili ili tuelewe. Uwanja nyuma ya nyumba yangu ulikodishwa kwa ubia kwa miaka kumi, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumtoa mwenzangu humo. Hakuna unga wala kuni za kuchukuliwa kwa jina la ubia bila idhini yetu sote. Mmoja akiolewa, au akifiwa na mume, fungu lake ni lake mwenyewe, na jamaa wa mume hawaingii. Mmoja akifa, tanuri halivunjwi. Aliyebaki ataendelea, na watoto wa marehemu watapewa haki ya mama yao kidogo kidogo. Hamira iwe ya dukani tu. Alipofika hapo wakili aliondoa miwani, akatutazama, akairudisha, akaandika.

"Sasa nataka mume wangu aweke kidole," mwenzangu akasema.

"Sheria haitaki hiyo," wakili akajibu. "Yeye si mbia."

"Sheria haitaki. Mimi nataka. Aweke kidole kwamba ameona."

Mume wake alikuwa amekuja nasi, mtu mpole aliyezungumza kidogo. Aliweka kidole gumba bila kuuliza. Upande wangu nilikuwa nimemwomba shemeji yangu awe shahidi. Nilimwendea nyumbani kwake, nikakaa na wake zake, nikamwambia sikumdhania mwizi, bali nilikuwa nimeogopa kifo, chake na changu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaja Mbale kwa lori lake na kutia sahihi kubwa iliyopita mstari. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyetubebea mikate ya Busia.

Jina la biashara tulilisajili pia, jina la mtaa wetu na neno mkate, basi. Yule karani wa leseni alisoma karatasi zetu mara mbili, akatafuta kosa, akakosa. "Kumbe inawezekana," alisema, akagonga muhuri.

Mambo hayakunyooka yote. Pale Busia watu huvuka mpaka kama wanaovuka uani, shamba upande huu na shangazi upande ule, na sisi tulidhani mkate nao utavuka tu. Siku moja lori la shemeji likasimamishwa upande wa Kenya: leseni ya Uganda haikuturuhusu kuweka meza ya kuuzia kule. Mikate ilirudi imekauka. Wakili alituandikia barua fupi kutushauri tusihangaike kuchukua leseni ya pili. Tumuuzie kwa jumla mwenye duka wa upande wa pili aliye na yake, naye auze. Tukafanya hivyo, na mwenye duka huyo alikuwa akitulaumu kila wiki kwamba mikate ni michache.

Mwaka wa nne, mume wa mwenzangu alifariki. Behewa lilikuwa likisukumwa stesheni, naye akabanwa. Tulifunga tanuri, nikaenda Dabani mazishini, nikakaa chini na wanawake wa kwao siku tatu. Hawakuelewana nami kwa lugha, ila waliniwekea mkeka wangu.

Majuma machache baadaye shemeji zake walikuja Tororo, watu watatu, na mkokoteni wa ng'ombe. Walikuja kumchukua mjane ili arithiwe na mmoja wao kama ilivyokuwa desturi yao, na pamoja naye vitu vya ndugu yao. Mkubwa wao alikuwa na mvi, na alizungumza kwa heshima. "Ndugu yetu alifanya kazi mjini miaka mingi," alisema. "Tumeambiwa ameacha tanuri, nusu yake. Tumekuja kuona."

Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye gunia, amevaa kitambaa cha msiba. Alinifanyia ishara, nikaleta karatasi. Nilisoma ile ya Kiswahili kwa sauti, na yeye akatafsiri kwa Kisamia. Nilipofika kwenye maneno kwamba jamaa wa mume hawaingii, mdogo wao alisimama. "Sheria ya Mzungu haiingii kwetu," alisema.

Mkubwa akamwashiria akae. Akaomba karatasi, na ingawa hakujua kusoma, aliishika karibu na macho na kuikagua chini kabisa. Kidole gumba cha marehemu kilikuwa na kovu la kukatwa na chuma, na katika wino lilionekana kama mstari mweupe umepita katikati.

"Hiki ni kidole cha ndugu yangu," alisema.

"Ndiyo," mwenzangu akajibu.

"Alikiweka kwa kupenda?"

"Aliomba ruhusa kazini ili akiweke. Alinibeba kwa baiskeli mpaka stesheni."

Mikate ilikuwa imeiva, na mimi nilitamani kuitoa lakini niliona haya kusogea. Mwishowe mzee akasema, "Tulidhani ni kazi ya ndugu yetu. Kama mwenyewe aliona ni ya mke wake, mimi ni nani." Aliuliza jambo moja tu, kama watoto wa ndugu yake wataendelea na shule. Mwenzangu akasema wataendelea, na likizo watakwenda Dabani wajue kwao. Habari ya kurithiwa mjane hakuna aliyeizungumzia siku hiyo. Yule mdogo aliondoka bila kuaga, na ilipita miaka mingi kabla hajamsemesha mwenzangu. Mzee alipanda mkokoteni na mikate sita, akaipanga mwenyewe kwa uangalifu ili isibonyee.

Walipokwisha kwenda, mwenzangu alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akanawa uso, akachukua koleo la mbao na kutoa mikate iliyobaki, ambayo ilikuwa imeungua juu. Tuliila sisi na watoto wetu jioni ile kwa chai, tukikwangua.

Habari zilienea. Wanawake wakaanza kuja, si kununua mkate bali kuuliza. Alikuja muuza samaki na dada yake. Wakaja washonaji wawili waliokuwa na cherehani moja. Mimi si mwanasheria, na kila mara nilianza kwa kusema hivyo, lakini niliwaonyesha karatasi yetu na kuwaambia wakae waogopeshane kwanza, kila mtu aseme analoogopa, ndipo watafute wakili. Wengine walikwenda Mbale. Wengine waligundua hapo hapo barazani kwamba hawapendani kiasi hicho, wakaachana salama, na hilo nalo niliona ni faida.

Bwana wa maendeleo ya jamii akasikia, akaniomba nizungumze katika ukumbi wa wilaya. Sikuwa nimewahi kusimama mbele ya watu. Mwenzangu alikaa mstari wa mbele, ametoka kazini na unga ungali nyusini. Nilisema niliyoyajua, hayakuchukua muda mrefu. Nilipomaliza, mama mmoja alinyoosha mkono. Alitoka Tiira, kwenye mashimo ya dhahabu, na alitaka kufungua hoteli ya kulisha wachimbaji pamoja na dada zake wawili.

"Mimi nauliza," alisema. "Huyu wa tatu naolewa upande wa Kenya. Akienda kukaa kule, bado ni wetu katika karatasi, au sheria ya huku inamwacha?"

Ukumbi mzima ulinitazama. Nilifikiri, nikafikiri tena. "Mama, hilo silijui," nikamwambia. "Sisi tulikwama mpakani kwa mikate tu, hatukuwahi kukwama kwa mtu."

Watu wakacheka, naye akacheka. Mwenzangu akageuka kwenye kiti chake. "Gari moshi ya Mbale ni kesho asubuhi," alimwambia yule mama. "Leo unalala kwangu. Kesho tunakwenda kuuliza, mimi na wewe." Akanitazama. "Dada, wewe unabaki na tanuri."

Nikakubali. Asubuhi niliwafungia mikate miwili ya njiani, na mmoja wa wakili.